Alipanda nini, migomba?

Mzee alisoma karatasi yangu mpaka mstari wa tano, akaishia hapo. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Mwanangu, hapa umeandika 'mwaka 1960 alipanda na kuwa kadinali'. Alipanda nini, migomba?"

Mama mdogo alicheka kutoka jikoni. Mimi sikucheka. Mzee huyu ndiye aliyenifundisha katekisimu kabla ya komunio ya kwanza, na hata leo, nikiwa na mvi zangu, akinisahihisha masikio yananiwaka moto.

Tulikuwa barazani kwake, Kagera, na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna kati yetu. Parokia ilikuwa inaandaa kijitabu cha jubilei, nami nilipewa ukurasa mmoja, wa Mwadhama Kadinali Laurean Rugambwa. Sababu waliyonipa ni kwamba mimi ndiye ninayekula kwa kalamu. Niliiona kazi ya jioni moja.

Mzee akachomoa kalamu nyekundu mfukoni. Hakufuta neno. Kati ya *d* na *a* akachora kijishale, juu yake akaandika herufi nne: i, s, h, w.

*Alipandishwa.*

"Askofu hapandi," akasema. Akanirudishia karatasi, akatupa punje ya kahawa mdomoni, akageukia habari za mvua.

Wiki sita zimepita. Niko Dar, nina kazi za watu mezani, na herufi zile nne bado zimenikaba.

Kazi yangu ni kuua "shwa"

Nahariri maandishi ya watu. Ripoti, hotuba, wasifu wa kuombea kazi. Kijana akiniletea wasifu, kitu cha kwanza ninachowinda ni kauli ya kutendwa. *Nilipangiwa. Nilipewa jukumu. Nilihusishwa.* Namwambia: hapa wewe uko wapi? Andika nilisimamia, nilijenga, niliuza. Mwajiri anamtafuta mtu anayetenda, siyo mzigo uliokuwa ukibebwa.

Sasa tazama wasifu wa askofu.

*Alizaliwa* Julai 1912, sawa, hilo ni letu sote. *Alibatizwa* 1921, akiwa na miaka minane. *Alipelekwa* seminari ya Rubya, kisha Katigondo, Uganda. *Alipewa* daraja ya upadre tarehe 12 Desemba 1943. *Alitumwa* Roma kusomea sheria za Kanisa. *Aliteuliwa* Desemba 1951, *akawekwa* wakfu Februari 1952. *Alitangazwa* kadinali 1960. *Alihamishiwa* Dar es Salaam 1968. *Alikubaliwa* kustaafu 1992. *Alizikwa* Kashozi, Desemba 1997.

Na hakuishia hapo. Kanisa Kuu la Bukoba lilipokuwa kwenye matengenezo, Kashozi ilimhifadhi kwa miaka karibu 15. Kisha Oktoba 2012 *akahamishwa* tena, kaburini kwenda kaburini. Mama mdogo alikuwa miongoni mwa waliosimama siku hiyo, akarudi nyumbani na visigino vimevimba.

Hata marehemu hakuachiwa kitenzi cha kwake.

Wasifu wa namna hii ningeurudisha kwa mwenyewe nikiwa nimeuchanachana kwa wino. Lakini huyu ndiye kadinali wa kwanza Mwafrika mweusi wa zama hizi. Kama hakutenda chochote, alifikaje?

Aliyejificha ndani ya "ish"

Walimu wa Kiswahili watanivumilia. Kwenye herufi nne za mzee kuna viungo viwili. *-w-* ni ya anayefanyiwa, hiyo kila mtu anaiona. Ila kuna *-ish-* pia, ya anayesababisha. Kwa hiyo ukisema askofu alipandishwa umekiri kwamba kuna mtu nyuma ya pazia aliyemsukuma, halafu papo hapo ukakataa kumtaja.

Pazia lenyewe mnalijua. Balozi wa Baba Mtakatifu anakusanya majina, anaandikia watu barua za siri kuwauliza juu ya padre fulani: sala zake, akili zake, madeni yake, afya yake, anavyoishi na watu. Majina, kwa kawaida matatu, yanakwenda Roma. Papa anachagua mmoja, na akitaka anaweza kuchagua asiyekuwemo hata kwenye orodha. Sheria inadai awe na miaka isiyopungua 35, upadre wa miaka mitano, na shahada ya juu ya Maandiko, teolojia au sheria za Kanisa, au walau awe mjuzi wa kweli wa mambo hayo. Hakuna tangazo la kazi. Hakuna usaili. Padre yuko kwenye kigango anahangaika na bati lililong'olewa na upepo, simu inaita.

Rafiki yangu padre aliwahi kuulizwa kuhusu mwenzake. Jina hakunitajia na hatanitajia. Aliniambia kitu kimoja tu: "Bahasha ilikuwa na bahasha ndani."

Mpaka hapo mzee yuko sahihi. Lakini tusidanganyane. Kuna mapadre wanaoitamani ile fimbo, na waumini wanaomtamania mtu wao wa kabila lao. Paulo mwenyewe, akimwandikia Timotheo, hakumkemea anayetaka uaskofu. Alisema anatamani kazi njema. Kwa hiyo kutaka kupo, na ni kwa zamani sana. Sisi ndio tuliositiri kutaka huko kwa sarufi, na kauli ya kutendwa ni kanzu pana. Inamfunika mnyenyekevu na inamfunika mwenye uchu, na ukiwa kwenye viti vya nyuma kanisani huwezi kuwatofautisha.

Hicho ndicho kilichoanza kunikosesha usingizi. Ningejuaje yupi ni Rugambwa?

Katigondo

Nilianza kumtafutia kitenzi. Kimoja tu cha kutenda, chake mwenyewe.

Nilirudi nyuma mpaka alipokuwa frateri, mwanafunzi wa upadre. Katigondo iko Masaka. Mwaka 1939 Masaka ilipata askofu mpya, Joseph Kiwanuka, Mganda, na aliyemweka wakfu, tarehe 29 Oktoba mwaka huo, ni Papa Pius XII mwenyewe, Roma, katika Basilika la Mtakatifu Petro. Kwa karne nyingi kusini mwa Sahara hakukuwa na askofu Mkatoliki mweusi wa ibada ya Kilatini. Halafu huyo hapo, na seminari ya Katigondo imo ndani ya eneo lake.

Kijana wa Kihaya wa miaka 27 akiona hilo kwa macho yake anawaza nini usiku, taa zikizimwa bwenini?

Sijui, na hakuna barua ninayoweza kuwasomea. Ila najua kilichofuata. Miaka 12 baadaye Roma ilikata kipande cha Kagera, ikakiita Vikarieti ya Kagera ya Chini, yaani eneo lenye askofu ila bado halijawa jimbo kamili, ikakikabidhi kwa mapadre Waafrika, na Rugambwa akawa kichwa chao. Wamisionari wakabaki na upande wao, Waafrika wakapewa wao.

Nimelitazama tukio hilo kwa pande zote mbili. Kwa upande mmoja ni heshima kubwa. Kwa upande mwingine ni mtihani: haya, tuone. Padre mzungu akiharibu parokia, ameharibu yeye. Rugambwa angeharibu, wangesema Waafrika hawajawa tayari, na aliyekuwa seminari Rubya akisoma kitabu chake cha Kilatini angelipa.

Mwandishi wa wasifu anaandika *alikabidhiwa* na kusonga mbele. Lakini kukabidhiwa kitu cha namna hiyo na kuamka nacho kila asubuhi ni mambo mawili.

Nyekundu ya Rutabo

Machi 1960 Papa Yohane XXIII alitangaza makadinali wapya, na watatu kati yao walikuwa wa kwanza kwao: Peter Doi wa Japani, Rufino Santos wa Ufilipino, na Rugambwa wa Tanganyika.

Tanganyika ipi? Bado tulikuwa chini ya Mwingereza. Uhuru ulikuja Desemba 1961. Kadinali tulikuwa naye kabla hatujawa na bendera.

Na alikuwa kadinali wa wapi? Wa Rutabo. Jimbo lake lilipewa hadhi kamili mwaka 1953 kwa jina hilo, Jimbo la Rutabo. Waliopita kule Muleba wanaelewa kwa nini natabasamu. Makadinali wenzake walikuwa wa Tokyo, Manila, Utrecht. Fikiria mtu wa Roma anauliza Rutabo iko upande gani, na mwenyeji wa Rutabo anaanza kueleza kuanzia ziwani. Hata askofu mkuu hakuwa. Alikuwa askofu wa jimbo lililo chini ya Jimbo Kuu la Tabora, amevaa nyekundu. Mwaka huo huo mipaka ikapangwa upya, akawa Askofu wa Bukoba.

(Nikiwa hapa niseme moja, maana kila nikitaja jina hili kuna mtu ananichanganyia. Kadinali Protase Rugambwa wa Tabora ni mwingine. Alizaliwa Mei 1960, miezi miwili tu baada ya Laurean kuvishwa nyekundu. Jina la Rugambwa lilikuwa mdomoni mwa kila mtu mtoto huyo alipokuwa akisubiriwa.)

Kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, maaskofu wa Afrika waliunda umoja wao wa kufanya kazi pamoja, wenye makatibu wawili, Blomjous wa Mwanza kwa wanaozungumza Kiingereza na Zoa wa Yaoundé kwa wa Kifaransa. Mwenyekiti alikuwa Rugambwa. Nilichangamka kidogo. Hapa nitapata kitenzi!

*Alichaguliwa.*

Nikafunga daftari, nikaenda kununua mihogo ya kukaanga.

Kiti kile kile

Kilichonizindua sikukitafuta. Nilikuwa napitia orodha ya maaskofu wa Bukoba, kuhakiki tarehe.

Desemba 1968 Rugambwa aliteuliwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Ana miaka 56. Kutoka kwenye jimbo ambalo babu akikohoa anajua ni babu wa nani, anakwenda pwani, kwenye mji wa bandari ambako Wakatoliki si wengi na Kihaya hakimsaidii mtu. Kutoka Bukoba ni meli, kisha treni. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria ya elimu iliyofungua njia ya serikali kuzichukua shule za makanisa. Yeye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza mitaa.

Bukoba aliyeachiwa kiti ni Gervasius Nkalanga, aliyekuwa askofu wake msaidizi tangu 1961. Hilo nalo ni la kawaida. Lakini shuka mstari mmoja.

Mwaka 1973 Nkalanga alijiuzulu.

Hakuwa amezeeka, alikuwa na miaka hamsini na kitu. Hakupandishwa kwingine. Aliacha jimbo, akashuka mpaka Hanga, Songea, kwa Wabenedikto, akawa mmonaki. Askofu, mwenye pete na fimbo, akaenda mahali ambapo kengele ikigonga unaacha unachofanya, na mkubwa wako ni mkuu wa monasteri.

*Alijiuzulu. Aliacha. Alikwenda. Akawa.* Vitenzi vinne, vyote vya kutenda, katika mstari mmoja.

Nilikaa na hilo siku tatu. Maana linavuruga hesabu yote. Ikiwa kwenye kiti kile kile, ndani ya miaka mitano, mtu mmoja aliweza kuinuka akaondoka, basi kukaa nako ni kitendo. Mlango haukuwa umefungwa kwa nje. Rugambwa alipoambiwa Dar es Salaam, angeweza kuomba abaki, na akienda akachoka angeweza kuomba atoke. Alikaa Dar zaidi ya miaka 23.

Simsemi Nkalanga vibaya, naomba nieleweke. Kuna siku namwona kuwa ndiye jasiri zaidi, aliyekataa kuchukulia kwamba uaskofu ni ngazi ya kwenda juu tu. Siku nyingine nafikiria mapadre wa Bukoba asubuhi walipopata habari, nakosa la kusema.

Nilimpigia mzee simu. "Na Nkalanga je? Huyo alipandishwa au alishuka?"

Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika.

"Huyo," akasema, "alikuwa mtu wa sala." Na hakuongeza neno.

Mara tatu

Kuna mahali pengine nilipomkuta anatenda, ila pana kufuli.

Kadinali anaingia konklave, mkutano wa siri wa kumchagua Papa. Rugambwa aliingia 1963, akaingia Agosti 1978, akaingia tena Oktoba ya mwaka huo huo, kwa sababu Papa aliyechaguliwa Agosti aliishi siku 33 tu. Mara tatu katika maisha yake aligeuka kutoka *-w-* akawa *-ish-*: aliandika jina kwenye karatasi, akaikunja, akaenda kuitumbukiza. Mtoto aliyebatizwa 1921 Kagera, mkononi ana kipande cha karatasi, na mtu fulani duniani atapandishwa.

Aliandika nani? Kiapo. Tulipompata akitenda, kitendo kikawa siri.

Yohane Paulo II alichaguliwa kwenye ile ya Oktoba. Mwaka 1990 akaja Tanzania, na mwenyeji wake Dar alikuwa Rugambwa. Mwaka huo Roma ilikwisha kumletea askofu mwandamizi, yaani wa kumrithi kiti, Polycarp Pengo. Sheria humtaka askofu aandike kuomba kustaafu akifikisha miaka 75, na Rugambwa aliifikisha Julai 1987. Alikuja kukubaliwa tarehe 22 Julai 1992, siku kumi baada ya kutimiza 80. Na aliyemstaafisha ni mtu ambaye, alipopandishwa, Rugambwa alikuwa chumbani.

Miaka mitano, basi, ya kuamka kila siku ukiwa mzee ambaye sheria imeshamruhusu apumzike, na bado hajaambiwa apumzike. Hapo ndipo ningependa kumwona kwa karibu. Siyo siku ya kofia nyekundu. Asubuhi moja ya mwaka 1989, joto la Dar, goti linauma, kipaimara cha watoto mia kinamsubiri.

Neno la Kilatini

Nilikipata kitenzi changu mahali ambapo nilipaswa kuanzia.

Tarehe 10 Februari 1952, siku ya kuwekwa wakfu, mbele ya Askofu Mkuu David Mathew, mjumbe wa Papa. Ibada ya zamani ilikuwa na mahojiano kabla ya mikono kuwekwa kichwani. Mteule anaulizwa maswali, moja baada ya jingine. Je, wataka kuwafundisha watu hawa kwa maneno na kwa mfano wako? Wataka kulinda unyenyekevu na uvumilivu? Wataka kuwa mpole kwa maskini na wageni?

Jibu ni neno moja. *Volo.* Nataka.

Uteuzi umeshafanywa, barua ya Roma imeshasomwa. Kanisa limejaa, na mafuta yako tayari. Kila kitu kimetendwa na wengine. Halafu ibada yote inasimama kumsubiri yeye afungue mdomo aseme, kwa nafsi ya kwanza, wakati uliopo, bila *-w-* yoyote: nataka. Wanamuuliza tena na tena, kana kwamba hawakusikia.

Nilimpigia mzee.

"Nimeongeza sentensi moja kwenye ukurasa. Nimeandika kwamba siku ya kuwekwa wakfu aliulizwa kama anataka, akajibu..."

"Volo," mzee akamalizia. Alikuwa mtumikiaji altareni enzi za Kilatini, nilisahau. Akalirudia tena, taratibu, kama mtu anayejaribu ufunguo wa zamani kuona kama bado unafungua. "Basi iache hiyo. Ni ya kweli. Lakini ile 'alipanda'?"

"Nimeitoa, mzee."

"Umeweka alipandishwa?"

"Hapana. Nimeandika 'Papa Yohane XXIII alimpandisha'. Hivyo aliyefanya anajulikana."

Nikamsikia akitafuna kahawa upande wa pili.

"Na huyo Papa Yohane," akauliza, "yeye alipandishwa na nani?"

Nilimwambia salio langu linaisha. Halikuwa linaisha.